Joto la Pili

King'ora cha Saa ya Ukuta, saa ya kuta kusogea, kililia saa nane kamili mchana, kama kinavyolia kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kikamkuta Mwanaidi keshasogeza kila kitu. Kabati, meza, kapu la nguo chafu, redio ya marehemu baba yake, vyote vilirundikwa katikati ya sebule, na yeye na mumewe wamesimama humo humo kwenye rundo wakingoja.

"Shika birika," Bakari akasema. "Mwezi uliopita lilianguka."

Mwanaidi hakushika birika. Macho yake yalikuwa dirishani. Ukuta wa upande wa jirani ukakwaruza reli zake, ukatetemeka, kisha ukaanza kuja. Ulikuja polepole, hauna haraka na mtu, ukimeza sakafu aliyoipiga deki asubuhi ile ile. Uliposimama, king'ora kikanyamaza, na jengo zima la Mkunguni, ghorofa thelathini, likalipuka kelele: huku wanacheka, kule wanalaani, na huko chini mwanamke mmoja anapiga vigelegele kwa kuwa amepata kona ya kuweka kitanda cha mtoto.

Mwanaidi alipiga magoti akapima kwa kiganja. Kati ya ukuta na fremu ya dirisha ilibaki shibiri moja na vidole viwili.

"Mwezi ujao linaondoka," alisema.

"Nini?"

"Dirisha, Bakari! Dirisha linakwenda kwa Bi Zamda!"

Bakari akaliangalia lile dirisha kama ndiyo kwanza analiona, kisha akainama kuokota birika.

*

Inabidi tulieleze kidogo dirisha hili, maana mtu aliyekulia nyumba yenye madirisha sita anaweza kumwona Mwanaidi mwendawazimu.

Kabla ya Sheria ya Nafasi Hai, Dar es Salaam ilijaa minara mirefu isiyo na watu ndani. Nyumba zilinunuliwa na wenye fedha wasiokuwa na shida ya pa kulala, wakazipiga kufuli wakingoja bei ipande, na huku chini watu wanalala sita chumba kimoja, godoro wanapokezana. Sheria ilipokuja ikasema nafasi ni ya yule anayeishi ndani yake. Kuta za ndani za minara zikavunjwa. Zikawekwa kuta za povu la madini, nyepesi, zinazotembea kwenye reli, na chini ya sakafu zikatandazwa nyuzi za kusoma joto la mwili. Sakafu inasoma mwezi mzima. Penye watu wengi kwa muda mrefu, ukuta unarudi nyuma kuwapa nafasi; pakipoa, ukuta unasogea mbele. Hakuna karani wa kumbembeleza, hakuna mjomba wizarani. Watu waliipenda sheria hiyo, na Mwanaidi aliipenda kuliko wengi, hata akaisomea. Alikuwa fundi wa kuta wa Mkunguni, na alikula kiapo mbele ya Mamlaka ya Nafasi kwamba hatapindisha usomaji wa sakafu, awe ndugu, awe adui.

Kitu kimoja sheria haikukiweza: madirisha. Reli zilitaka kuta za nje zilizo imara, kwa hiyo kila nyumba mbili zilipewa dirisha moja tu, na lilikuwa la yule aliyeachiwa na ukuta. Kwa miaka sita dirisha la mashariki la ghorofa ya kumi na saba lilikuwa la Mwanaidi. Hapo alikunywa chai yake ya alasiri, upepo ukimpuliza shingoni. Hapo wanawake wa ghorofa nzima walikuja kuomba, kwa adabu kabisa, waanike pilipili zao au mtoto apate hewa kidogo. Alikuwa na binti, Hawa, aliyesoma bweni Morogoro, lakini pale jengoni hakuna aliyemwita Mama Hawa isipokuwa jirani yake mmoja. Wengine wote walimwita Mama Dirisha. Alijifanya jina hilo linamchosha. Uongo, alilipenda kama watu wengine wanavyopenda dhahabu.

Na sasa tuseme ukweli wote. Aliyelifukuza dirisha ni yeye mwenyewe. Mzee Mfaume, mume wa Bi Zamda wa 17B, alifariki miezi miwili nyuma, na kawaida ya Mkunguni ni kwamba msiba ukitokea, jirani wa ukuta mmoja anafungua mlango wake: wanawake wanakaa upande huu, wanaume upande ule. Mwanaidi aliwaza wanawake sitini wamejazana dirishani pake, wanashikashika fremu, wanasema "lo, kumbe hapa ndipo," akasema sakafu yake iko kwenye matengenezo. Haikuwa kwenye matengenezo yoyote. Basi waombolezaji wote wakasongamana kwa Bi Zamda siku tatu usiku na mchana, na kwake pakawa kimya. Fundi mzima akasahau kwamba sakafu haijui msiba, inajua joto. Mwezi ule ukuta ukamjia shibiri nzima. Halafu Bi Zamda akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani hatoki, wakati Mwanaidi na Bakari wanashinda kazini na nyumba yao inapoa kama chungu kilichoepuliwa.

Kwa hiyo aliona wivu. Alimwonea wivu mjane. Alijua ni aibu, akaendelea.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye karakana yake ya chini, anatia grisi gurudumu la reli, kishikwambi kikalia. Alifuta mikono akasoma.

Nyumba 17B. Mkazi aliyesajiliwa: mmoja. Joto lililosomwa: wawili. Mahali: kitandani, usiku. Muda: siku thelathini na tatu. Fundi akague na kujibu kabla ya Ijumaa.

Aliisoma mara tatu. Kisha akakaa juu ya ndoo ya grisi akacheka peke yake.

Mwanaume! Bi Zamda, na kanga zake nyeupe, na tasbihi yake, na sauti ile ya "alhamdulillah, tumeshapoa," kumbe ana mwanaume kitandani na eda haijafika nusu! Ndiyo maana ukuta unakuja mbio. Mwanaidi alisikia raha ikimpanda mwilini. Alishamwona mwanaume mwenyewe: mfupi, mwenye kitambi, anaingia kwa ngazi za dharura kakumbatia mfuko wa chipsi. Alishawasikia wanawake wa ghorofa ya kumi na saba wakipiga makofi ya mshangao. Adhabu aliijua bila kutazama kitabu. Mwenye kuficha mkazi au kudanganya sakafu hupoteza nyumba na kuhamishiwa Makashani, vile vyumba vya chini ya ardhi vyenye kuta zisizotembea, upana wa kitanda na pa kuvulia viatu. Mwaka uliopita alimpeleka huko bwana mmoja wa ghorofa ya tisa aliyefuga bata kumi na wawili chumbani ili wamwongezee joto, na hakumwonea huruma hata dakika moja.

Alibeba kipimo chake, akapanda lifti. Njiani alijitazama kwenye kioo cha lifti, akaufuta uso tabasamu.

*

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Mimi jirani, Bi Zamda. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Hawa. Pita, mwanangu. Leo umeniletea mashine?"

Bi Zamda alikuwa amekaa mkekani karibu na ule ukuta, amejitanda kanga nyeupe tupu, miguu ameikunja. Mwanaidi aliingia, na kitu cha kwanza alichokiona ni nafasi. Sebule ilikuwa imekuwa pana mno! Viti viwili vya Mzee Mfaume, vilivyokuwa vinabanana magoti na meza, sasa vilikaa mbalimbali kama watu waliogombana. Kulikuwa na sehemu nzima ya sakafu isiyo na kitu, hata kapu, hata kindoo. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote. Angekuwa na nafasi hiyo angeweka kitanda cha Hawa, na cherehani, na bado angebaki na pa kupita.

"Nyumba imekuwa kubwa," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchoma masikio.

"Imekuwa kubwa hata inanitisha. Nikikohoa, nakisikia kikohozi changu kikirudi. Hivi huwezi kuirudisha kidogo, wewe si ndiye fundi?"

Maneno matamu, Mwanaidi aliwaza. Mwenye shibe ndivyo anavyosema.

"Sakafu ndiyo inayoamua, Bi Zamda. Nimekuja kukagua chumbani."

"Chumbani?" Bi Zamda akasita. Mwanaidi alikuona kule kusita, moyo ukamruka kwa furaha. "Chumbani hapajafagiliwa."

"Hapana neno."

Aliingia bila kungoja. Chumba kilikuwa kidogo, kilekile cha zamani. Kitanda cha futi tano kwa sita, neti imefungwa fundo juu. Upande wa ukutani palikuwa na umbo limelala, limefunikwa kikoi cha kijani hadi juu, halitikisiki. Mwanaidi alikijua kile kikoi. Mzee Mfaume alikivaa kila Ijumaa kwa miaka yote aliyomjua. Loo, na kikoi cha marehemu wanajifunikia! Akakishika kwa pembe, akakivuta.

Lilikuwa dumu. Dumu la njano la mafuta ya kula, la lita kumi, kifuniko kimekazwa vizuri, limevishwa fulana ya ndani ya kiume. Kando yake lilikuwa jingine kama hilo.

Alilishika. Bado lilikuwa na uvuguvugu.

"Nachemsha maji baada ya isha," Bi Zamda alisema mlangoni. Hakuwa na aibu usoni, uchovu tu. "Moja nalibeba kwanza, halafu la pili, mikono siku hizi haina nguvu. Miaka arobaini na moja, Mama Hawa. Upande ule ulikuwa na mtu. Wiki ya kwanza walikuwepo wageni, nililala. Walipoondoka nikinyoosha mkono nakuta baridi, nashtuka, naamka, nakaa. Basi nikaona nijitengenezee. Mjinga mimi, najua. Lakini nalala."

Kichwa cha fundi kilikuwa kinafanya kazi chenyewe. Sakafu za ghorofa za juu zilikuwa za zamani, zinahisi joto tu, hazisikii pumzi. Jiko na pasi zinavipuuza kwa kuwa joto lavyo ni kali mno. Lakini maji ya dumu, yakishapoa kidogo ndani ya kikoi, yanashuka hadi joto la mwanadamu, na yanakaa hapo karibu mpaka alfajiri. Hata yeye angetaka kuidanganya sakafu kwa makusudi, asingebuni kitu kizuri kiasi hicho.

Ushahidi alikuwa nao mikononi. Picha moja ya madumu, neno moja kwenye kishikwambi, na dirisha lingebaki kwake milele.

Hapo ndipo wivu wa pili ulipomjia, na huu hakuutegemea. Alijaribu kumwaza Bakari amekufa. Astaghfirullah, lakini aliwaza. Miaka kumi na tisa wamelala kitanda kimoja, yeye upande wa mlango, Bakari upande wa kabati, na akajiuliza kama angechemsha maji. Akatafuta jibu kwa haki kabisa, kama anavyotafuta hitilafu kwenye reli. Hakulipata. Na yule mwanamke aliyesimama mlangoni, mwenye macho mekundu na mikono isiyo na nguvu, alikuwa na kitu ambacho hakuna ukuta ungeweza kumsogezea Mwanaidi hata kwa upana wa kidole. Wivu wa dirisha ulikuwa unamwasha tu. Huu ulimkata pumzi.

"Ni kosa?" Bi Zamda aliuliza.

"Ni kosa."

"Basi naacha leo. Namwaga."

"Siku thelathini na tatu zimeshasomwa, Bi Zamda. Sakafu haifuti. Ni Makashani."

"Lakini mimi niko eda." Alisema polepole, kama anamweleza mtu asiyejua dini. "Sitoki mpaka eda iishe. Mtanitoaje ndani ya nyumba ya mume wangu na mimi niko eda?"

"Sheria haijui eda."

"Wewe je?"

Mwanaidi alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wa marehemu, kisha akagundua amekaa wapi akahama. Akafungua kishikwambi. Swali la kwanza: chanzo cha joto la pili. Chini yake majibu manne: mkazi, mnyama, kifaa, udanganyifu, na matatu ya mwisho yanataka maelezo. Kidole chake kilining'inia juu ya neno la mwisho kwa muda mrefu kiasi kwamba kioo kilizimika, ikabidi akiamshe.

Akabonyeza: mkazi.

Hakufanya hivyo kwa wema. Angalau yeye mwenyewe hakuhisi wema wowote. Alihisi tu kwamba hawezi kuandika kwenye fomu ya Mamlaka, penye jina lake na saini yake, "madumu mawili ya maji, fulana moja," na karani akasoma akacheka. Kishikwambi kikauliza swali la pili: jina la mkazi huyo. Hilo alikuwa amelisahau. Kila joto lazima liwe na jina, na kila jina la Mkunguni lilishapangiwa nyumba yake. Hakuwa na jina la mtu mwingine la kutumia.

Akaandika: Mwanaidi Kombo.

*

Bakari alirudi kutoka bandarini saa kumi na mbili jioni, akakuta karatasi ya Mamlaka imebandikwa mlangoni. Aliisoma mpaka mwisho, akaibandua, akaingia nayo.

"Hapa wanasema mke wangu kahamia kwa jirani. Tangu mwezi uliopita!"

Mwanaidi akamweleza. Alimweleza madumu, kikoi, fulana, kiapo alichokivunja. Alisema kila kitu isipokuwa lile la wivu wa pili. Bakari alisikiliza huku akivua buti, kisha akatazama dirisha, akatazama ukuta.

"Kwa hiyo wewe sasa joto lako linahesabiwa kule."

"Mpaka eda iishe. Lazima nilale kule kweli, wakija kukagua wanikute. Na si kitu kigeni, wanawake hulala kwa mjane wakimliwaza. Ilikuwa inatakiwa iwe hivyo tangu mwanzo."

"Na huku nikibaki peke yangu, ukuta unakuja."

"Unakuja."

"Na dirisha linakwenda kule." Bakari akasukuma buti chini ya kiti. "Na wewe uko kule. Kumbe umelifuata dirisha lako."

Damu ikampanda kichwani. "Mimi nimehatarisha kazi yangu! Wakinigundua, Makashani nakwenda mimi! Wewe dirisha hilo hujawahi hata kulifungua, leo ndiyo unaliona?"

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza. Umesema."

Alikunja mkeka, akachukua mswaki na kanga mbili, akatoka na mlango akaubamiza. Alikasirika hivyo kwa sababu alipokuwa anaandika jina lake mchana, wazo hilo lilimpitia, fupi tu: alasiri, kiti cha Mzee Mfaume, chai, upepo, na Bi Zamda aliye eda haruhusiwi kuonekana na watu kwa hiyo hatalisogelea. Hakujua kama wazo hilo lilikuja kabla ya kuandika au baada. Angeujua ukweli huo angelala vizuri zaidi.

*

Asubuhi alirudi kwake kuchukua mkoba wa vifaa. Bi Zamda alikuwa amelala usingizi mzito, anakoroma kama trekta, mkono umetupwa upande wa Mwanaidi. Madumu yalikuwa chini ya kitanda, makavu.

Bakari alikuwa sebuleni amevaa tayari, anakunywa chai kwa kusimama, dirishani. Alikuwa amelifungua. Hilo lilimchoma papo hapo: siku moja tu hayupo, na mtu kashakaa mahali pake.

"Habari za kule?"

"Nzuri. Umeamkaje?"

"Salama." Akaweka kikombe chini, akachukua kofia yake ya kazi. Alifika mlangoni akasimama, amempa mgongo. "Chumbani humo, usije ukashtuka. Ni kwa ajili ya ukuta tu."

Akaenda. Mwanaidi alizisikia buti zake mpaka kwenye lifti.

Chumbani kitanda kilikuwa hakijatandikwa. Upande wa kabati palikuwa na shimo la mwili wa Bakari, kama siku zote. Upande wa mlango, kwenye mto wake yeye, palilala kitu kimefunikwa kanga yake ya zambarau, ile ambayo hakuibeba kwa kuwa imechanika pindo. Alijua ni nini kabla ya kuifunua. Dumu lilikuwa la maji ya kunywa, la jikoni, na Bakari asiyejua kufunga hata kamba za viatu vizuri alikuwa amelizungushia kanga mara mbili, akafunga na fundo kifuani, kama mwanamke anavyojifunga.

Kwa ajili ya ukuta. Inawezekana. Mume wa fundi lazima ajifunze mambo, na jana usiku alikuwa ameelezwa kila kitu, hadi joto linashuka kiasi gani. Lakini kwa ajili ya ukuta dumu lingetosha kuwekwa popote, hata sakafuni. Na kwa ajili ya ukuta halikuhitaji mto.

Kazi yake ilikuwa kutoa kishikwambi na kuandika: 17A, udanganyifu. Aliweka mkono juu ya kanga. Maji yalikuwa bado ya moto, ya moto hasa. Yalichemshwa mara ya pili, kulipokaribia asubuhi, na mtu aliyekuwa na zamu saa moja.

Mwanaidi alisimama pale akitazama mahali pake pamelaliwa, na kando yake lile shimo lililogeukia upande huo, na Mungu amsamehe, akalionea wivu dumu.